Maswali ya abiria wa ndege: kuanzia tiketi hadi kuchukua mizigo

Nimekaa kaunta ya abiria miaka ya kutosha kujua kwamba maswali ni yaleyale. Tofauti ni wakati tu: mmoja huuliza akiwa bado nyumbani, mwingine huuliza geti likiwa limeshafungwa. Nimeyapanga kwa kufuata safari yenyewe. Ada na vipimo hutofautiana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo nikisema "mengi" au "kwa kawaida", kasome masharti ya tiketi yako.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Tiketi yangu imeandikwa 00:30, tarehe 15. Niende uwanjani lini?

Jioni ya tarehe 14. Nimelianza swali hili kwa makusudi, maana ndilo linaloliza watu wazima mbele ya kaunta. Tiketi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 00:30 ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 15. Saa tatu usiku ya tarehe 14 unatakiwa uwe umeshafika uwanjani. Niliwahi kumpokea baba mmoja aliyekuja saa tatu usiku ya tarehe 15 yenyewe, suti imenyooka, wasindikizaji wanne, mwanawe mdogo kalala begani kwa mjomba. Ndege yake ilikuwa imeshafika ilikokwenda, ikashusha watu, ikapakia wengine.

Kubadili saa za tiketi kuwa saa zetu, toa sita: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 21:00 ni saa tatu usiku. Saa iliyo chini ya 07:00, ongeza sita badala ya kutoa. Ukiona saa inayoanza na 00, 01 au 02, simama uangalie tarehe mara mbili.

Jambo jingine ni kwamba saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, na saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. Ukitoa moja kwa nyingine hupati urefu wa safari, na aliyeambiwa akupokee huenda akakesha bure.

Jina langu limekosewa herufi moja. Nitakataliwa?

Herufi moja hurekebishika, mradi useme mapema. Piga simu ulikokata tiketi siku hiyohiyo uliyogundua, usingoje kaunta. Tatizo kubwa ni pale tiketi inapobeba jina la ndoa na pasipoti bado ina jina la zamani, au pale mtu anapokatiwa tiketi kwa jina analoitwa mtaani. Ukiona MR au MRS imegandishwa mwishoni, ALI akasomeka ALIMR, usihangaike. Mifumo mingi ndivyo inavyoandika.

Pasipoti yangu bado ina miezi minne. Si inatosha?

Huenda haitoshi. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Watu hukasirika wakizuiwa na mfanyakazi wa ndege, wakisema, "Wewe ni uhamiaji?" Si uhamiaji, lakini shirika likimpeleka mtu anayekataliwa huko aendako, ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha, na mara nyingi hupigwa faini juu yake. Ndiyo maana yule dada wa kaunta anatazama skrini kwa muda mrefu: anasoma masharti ya nchi husika kwenye mfumo uitwao Timatic, unaoendeshwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege.

Ukiwa na transiti, uliza pia viza ya nchi unayopitia. Na kama unakokwenda wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kumbuka kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo kuchanjwa siku ya kuamkia safari hakukusaidii. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Naruhusiwa kilo ngapi?

Jibu limo kwenye tiketi yako, si kwenye tiketi ya jirani. Kwa kawaida begi la mkononi huwa kati ya kilo 7 na 10, na mzigo wa kupakia chini huwa kilo 23 kwa sanduku moja. Tiketi za bei ya chini mara nyingi hazina mzigo wa kupakia kabisa. Kilo 32 ndio mwisho kwa sanduku moja hata ukiwa tayari kulipia, kwa sababu kuna binadamu anayeliinua kwa mgongo wake. Gawa vitu katika masanduku mawili.

Huna mzani wa mizigo? Simama kwenye mzani wa kawaida ukiwa umebeba sanduku, kisha simama bila sanduku, toa. Dakika mbili hizo zitakuepusha kupiga magoti sakafuni mbele ya foleni, nguo za ndani zikionwa na kila mtu, ukihamisha viatu kutoka begi hili kwenda lile.

Dawa, pasipoti, fedha, funguo, vito na kompyuta mpakato visiingie kwenye sanduku la chini hata siku moja. Ongeza nguo moja ya kubadili kwenye begi la mkononi. Sababu utaiona huko mwisho.

Pawabenki niiweke wapi?

Mkononi. Ikikutwa kwenye mzigo wa chini, sanduku litafunguliwa au litabaki. Betri za lithiamu zikishika moto ndani ya kabini, wahudumu wanaona moshi na wanajua la kufanya. Zikiwaka kule chini, hakuna wa kuziona.

Kipimo kinachotumika ni wati-saa. Hadi 100 huna haja ya kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji ridhaa ya shirika. Zaidi ya 160 haipandi. Kama pawabenki imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000. Ya 20,000 inatoa 74, iko salama. Ya 30,000 inatoa 111, hiyo kaombe ruhusa. Iliyofutika maandishi yote inaweza kuchukuliwa, na mkaguzi hana njia ya kukuamini kwa maneno.

Kwa nini wananinyang'anya losheni?

Kwa sababu ya ukubwa wa chupa. Mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji, na kuanzia hapo viwanja vingi duniani vikaweka kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo, vyote vikae ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha. Kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo haipiti, na kubishana hakusaidii. Krimu, jeli, dawa ya meno na manukato vyote vimo. Maziwa ya mtoto na dawa vinaruhusiwa kuzidi, ila uvitoe uvionyeshe mwenyewe.

Viwanja vyenye skana mpya vimeanza kulegeza. Tahadhari yangu ni kwamba ulegevu wa uwanja unaotoka hauufungi uwanja unaobadilishia ndege. Kilichopita huku kinaweza kutupwa kule.

Nina mimba. Naruhusiwa kusafiri?

Mashirika mengi humpokea mwenye mimba ya mtoto mmoja hadi wiki 36, na ya mapacha hadi wiki 32. Kuanzia wiki 28 mengi hutaka barua ya daktari au mkunga inayotaja tarehe ya kujifungua. Hesabu kwa tarehe ya kurudi, si ya kwenda tu.

UWANJANI

Nifike saa ngapi kabla?

Saa tatu kwa safari ya nje ya nchi, saa mbili kwa ya ndani. Kaunta nyingi za safari za nje hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla. Saa iliyo kwenye tiketi ni ya ndege kuanza kusogea. Kuiona ndege kupitia kioo, ngazi bado imeegeshwa, si dalili kwamba utapanda: orodha ya abiria imeshafungwa na uzito umeshakokotolewa.

Nimelipa, nina tiketi, halafu naambiwa ndege imejaa. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu mashirika huuza tiketi zaidi ya viti, yakitegemea kwamba wapo ambao hawatatokea. Siku wote wakitokea, lazima wengine wabaki. Utaratibu wa kawaida ni kutafuta kwanza wa kujitolea kwa malipo. Kama una nafasi, huo ndio wakati wa kupatana: uliza kiasi gani, ndege ipi inayofuata, hoteli na chakula ni juu ya nani, na uyapate kwa maandishi kabla hujaachia kiti. Kinga nzuri kwa asiyetaka kubaki ni kuchekini mtandaoni mapema, saa 24 au 48 kabla kutegemea shirika. Anayefika mwisho bila kiti ndiye wa kwanza kuguswa.

Nina tiketi ya kwenda na kurudi. Nikienda kwa basi, nitaruhusiwa kurudi kwa ndege?

Kwa kawaida hapana. Ukikosa kipande cha kwanza bila taarifa, mfumo hufuta vipande vyote vinavyofuata. Piga simu kabla ndege ya kwanza haijaondoka.

Nabadilisha ndege njiani. Mizigo yangu itanifuata?

Tazama kibandiko wanachofunga kwenye sanduku, usiulize tu. Kina herufi tatu za uwanja wa mwisho: LHR ni Heathrow, DXB ni Dubai. Kama herufi ni za mji wako wa mwisho, mzigo unakwenda moja kwa moja, isipokuwa katika nchi chache, Marekani ikiwamo, ambako kwa kawaida unauchukua kwenye uwanja wa kwanza kuingia, unapita nao forodhani, kisha unaukabidhi tena.

Hatari iko kwa waliokata tiketi mbili tofauti ili waokoe fedha. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala hulidai: kwao wewe ni mtu ambaye hakutokea. Ukiamua kufanya hivyo, acha nafasi ya nusu siku katikati.

Mtu kwenye foleni ameniomba nimbebee kifurushi kidogo.

Hapana. Hata akiwa mama mzee, hata akikufungulia uone. Kikikutwa na kitu, jina lililo kwenye kibandiko ni lako.

NDANI YA NDEGE

Simu ya mtu mmoja inaweza kuangusha ndege?

Hakuna anayedai hivyo. Ila simu inayohangaika kutafuta mnara inaweza kuingiza kelele kwenye mawasiliano ya marubani, na simu mia mbili zikihangaika kwa pamoja huku zikipita juu ya minara kwa kasi zinausumbua mtandao wa chini pia. Weka hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi kama ipo.

Kuna kosa la simu lililo kubwa kuliko hilo na watu hawalijui. Simu ikikudondokea katikati ya viti, usisogeze kiti wala kukilaza ili uitafute. Mitambo ya kiti huikunja, betri hupondeka, na moshi huanza palepale ulipokaa. Bonyeza kengele, muite mhudumu.

Kwa nini tufungue pazia la dirisha na kuzima taa wakati wa kuruka na kutua?

Kwa sababu hizo ndizo dakika ambazo ajali hutokea zaidi. Macho yanahitaji muda kuzoea giza, kwa hiyo taa hupunguzwa ili ikibidi kutoka, usitoke ukipapasa. Pazia likiwa wazi, wahudumu wanaona ni upande gani una moto na mlango upi wasiufungue. Ndege hairuhusiwi kubeba abiria mpaka mtengenezaji athibitishe kwamba wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango. Katika hesabu hiyo hakuna anayenyoosha mkono kuchukua begi juu.

Masikio yanauma sana wakati wa kushuka. Nifanye nini?

Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua. Ndege ikipanda, hewa hutoka sikioni kupitia hapo bila shida. Ikishuka, hewa inatakiwa kurudi ndani, na mrija huwa mgumu kufunguka, hasa ukiwa na mafua. Meza mate, tafuna, piga miayo. Isipotosha, ziba pua, funga mdomo, sukuma pumzi taratibu. Taratibu, nimesema.

Mtoto mchanga hajui kufanya hayo, kwa hiyo mpe ziwa au chupa ndege inapoanza kushuka, takriban nusu saa kabla ya kutua. Mama wengi humnyonyesha wakati wa kupaa, mtoto anashiba, analala, kisha anaamka na kilio cha maumivu wakati wa kushuka na hataki tena kunyonya.

Kwa nini nivae barakoa ya oksijeni kwanza kabla ya mwanangu?

Kwenye futi 35,000, hewa ya kabini ikitoka, una kama sekunde 30 hadi 60 za akili timamu. Baada ya hapo bado macho yako yako wazi lakini huwezi kufunga hata kamba. Ukianza na mtoto naye akakataa, akalia, akaivuta, sekunde zimekwisha na hakuna wa kumsaidia yeyote kati yenu. Ukiwa umevaa, unaye kwa muda wote unaohitaji.

Ivute barakoa kwa nguvu uelekeo wako, maana mara nyingi mvuto huo ndio unaofungulia oksijeni. Kimfuko cha plastiki kisipofura, oksijeni inatoka hivyohivyo. Inatosha dakika kumi na kitu tu, nao ni muda wa kutosha kwa rubani kushusha ndege hadi kama futi 10,000, ambako mtu anapumua mwenyewe.

Ndege ikitikisika, mabawa yanaweza kukatika?

Mabawa yametengenezwa yapinde, ukiyaona yanacheza ni jambo jema. Kinachoumiza watu katika mtikisiko ni dari: asiyefunga mkanda hurushwa juu, kisha hushuka vibaya. Wapo waliovunjika shingo hivyo. Funga mkanda hata taa yake ikiwa imezimwa, na ukilala uufunge juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kukuamsha.

Kwa nini miguu yangu inavimba, midomo inakauka, na chakula hakina ladha?

Hewa ya kabini ni kavu, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, na mgandamizo wake ni kama wa mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Ukavu huo pamoja na mngurumo wa injini hufanya ulimi usikie chumvi na sukari kwa shida. Mpishi usimlaumu sana.

Kuvimba kunatokana na kukaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, ingawa bado ni takriban mtu 1 kati ya 6,000. Inuka, tembea, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Mwenye historia ya damu kuganda, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye mimba amwone daktari kabla.

Kama sigara ni marufuku, kwa nini mlango wa choo una kisahani cha majivu?

Kanuni zinakitaka kiwepo. Marufuku haimzuii kila mtu, na atakayevunja ni heri akizimie hapo kipande chake kuliko kukitupa kwenye pipa lililojaa karatasi. Mwaka 1973 ndege ya Varig iliteketea karibu na Paris kwa moto ulioanzia chooni, wakafa watu 123.

Mtu anaweza kufungua mlango tukiwa juu?

Hapana. Mgandamizo wa hewa ya ndani huubana mlango kwenye fremu yake kwa nguvu ya tani nyingi.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Wote wamechukua mizigo yao, wangu haujatokea.

Usitoke nje ya ukumbi. Nenda dawati la mizigo hapohapo, toa kile kistika ulichobandikiwa nyuma ya pasi ya kupandia, na uandikiwe ripoti yenye namba. Bila ripoti utaambiwa ulitoka nao. Picha ya sanduku kwenye simu yako inasaidia kuliko maelezo, kwa sababu "jeusi, la kati, lina magurudumu" ni nusu ya masanduku ya dunia. Kununua mswaki, nguo na mahitaji ya lazima ni haki yako, tunza risiti.

Kwa safari za kimataifa zinazoongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee, na usioonekana kwa siku 21 huhesabiwa umepotea. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Hicho ni kikomo, si zawadi: utaulizwa sanduku lilikuwa na nini. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2.

Ndege imefutwa. Nidai nini?

Dai kwanza chaguo la kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa ndege nyingine, kisha chakula na malazi kama unasubiri. Fidia ya fedha juu ya hayo hutegemea sheria ya mahali. Ndege inayoondokea Umoja wa Ulaya, au inayoingia huko ikiwa ni ya shirika la huko, iko chini ya kanuni namba 261 ya mwaka 2004: euro 250, 400 au 600 kwa kufuata umbali, isipokuwa kikwazo kiwe nje ya uwezo wao, kama dhoruba. Ndiyo maana sababu ya kufutwa iombe kwa maandishi siku ileile. Kaunta wanaweza kusema "hali ya hewa" kwa mdomo huku ndege za wenzao zikiruka mbele yako.

Nimesahau pasipoti kwenye mfuko wa kiti.

Mwambie mfanyakazi yeyote wa shirika sasa hivi, ukiwa bado upande wa ndani, kabla ya dirisha la uhamiaji. Taja namba ya kiti. Wasafishaji huingia mara abiria wa mwisho anaposhuka, na ndege huweza kuondoka tena ndani ya saa moja. Kuanzia safari ijayo, tia mkono kwenye ule mfuko hadi chini kabla hujafungua mkanda. Miwani pia hukaa hukohuko.